Kiungo cha redio juu ya bahari ya Tanga na misimbo inayonyumbulika

Watu wengi wanaponunua redio za kuunganisha ofisi mbili hapa Tanga huuliza kasi ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Ni wachache wanaouliza redio hiyo itafanya nini siku ambayo hewa na bahari hazitairuhusu kasi hiyo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufunga redio za aina hiyo, huanza na swali la pili. Jibu lake limo katika misimbo ya kusahihisha makosa, yaani kanuni za kuongeza biti (tarakimu za 0 na 1) za ziada kwenye data ili mpokeaji aweze kurekebisha zilizoharibika njiani, hasa ile inayoweza kuongezewa au kupunguziwa nguvu bila kubadilisha mtambo.

Chukua kiungo cha kilomita 10 kinachokatiza maji, masafa yakiwa gigahezi 5.8 na kila antena ikiwa mita 30 juu ya bahari wakati maji yamejaa. Antena ya upande wa pili hupokea wimbi lililokuja moja kwa moja, pamoja na jingine lililogonga uso wa maji na ambalo kwa hiyo limesafiri sentimita 18 zaidi. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Bahari ikishuka mita 3 tu, zile sentimita 18 huwa karibu 22. Badiliko la sentimita 4 laonekana dogo, lakini urefu wa wimbi lenyewe ni sentimita 5 na kidogo, na nusu yake inatosha kuyafanya mawimbi mawili yaliyokuwa yakisaidiana yaanze kufutana. Kwa kuwa kwenye bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na hupwa kwenye saa nne au saa tano, kiungo kilichopimwa asubuhi chaweza kuwa kitu kingine kabisa ifikapo jioni. Siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, tatizo hupungua, na ndiyo maana simwamini fundi anayepima kiungo cha baharini siku hizo kisha akakikabidhi.

Wimbi likidhoofika, baadhi ya biti husomwa kinyume: 0 huwa 1, na 1 huwa 0. Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina kasi ya ukomo, na kwamba chini ya ukomo huo makosa yanaweza kupunguzwa kadiri tutakavyo, mradi biti zimesimbwa vizuri. Mwaka 1950 Richard Hamming akachapisha msimbo unaoongeza biti 3 kwenye kila biti 4 na kusahihisha kosa moja. Ni msimbo mzuri, ila umeganda: hulipa ushuru uleule bahari ikiwa shwari au ikiwa imechafuka.

Njia iliyozoeleka ya kuulegeza msimbo ni kuanza na msimbo mama wenye biti nyingi za ziada, kisha kuziacha baadhi zisitumwe. Mfano ninaoupenda ni msimbo wa konvolusheni, ambao kila biti inayotoka hutegemea biti kadhaa zilizoingia, uliosafiri na vyombo vya anga za juu vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, na ambao baadaye uliingia kwenye Wi-Fi. Kila biti moja inayoingia hutoa mbili, kwa hiyo biti 3 za habari huwa 6. Ukizuia 2 kati ya hizo 6 kwa mpangilio unaojulikana na pande zote mbili, zinatumwa 4, na kiwango cha msimbo, yaani biti za habari kwa kila biti zinazotumwa, kinapanda kutoka 1/2 hadi 3/4. Kipokezi, kila kifikapo kwenye nafasi iliyorukwa, huweka alama ya kutojua, si 0 wala 1, kisha huendelea kusimbua kwa kanuni ileile aliyoichapisha Andrew Viterbi mwaka 1967. Gharama yake inapimika. Katika kiwango cha 1/2, mifuatano miwili halali hutofautiana angalau mahali 10; katika 2/3 ni mahali 6, na katika 3/4 ni 5. Kinga imepungua, lakini kisimbuzi ni kilekile kimoja.

Mwaka 1988 Joachim Hagenauer aliongeza sharti dogo lenye matokeo makubwa: biti zote zinazotumwa katika kiwango chenye kinga ndogo ziwemo pia katika kila kiwango chenye kinga kubwa zaidi. Kwa sharti hilo, ujumbe ukishindwa kusomeka, mtumaji harudii wote. Hutuma zile biti alizozizuia, na mpokeaji huziunganisha na zilizokwisha kufika, hata kama zilifika zikiwa mbovu.

Simu za 5G zimejengwa juu ya wazo hilo. Data husimbwa kwa misimbo ya LDPC, aina ya misimbo ya kusahihisha makosa ambayo kila biti yake hukaguliwa na hesabu chache tu, na ambayo asili yake ni kazi ya Robert Gallager ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuna michoro miwili tu ya msingi, yaani mipangilio ya hesabu hizo: mmoja wa vifurushi vikubwa, hadi biti 8,448, wenye kiwango mama cha 1/3, na mwingine wa vifurushi vidogo, hadi biti 3,840, wenye 1/5. Kila mchoro hutanuliwa kwa kizidishio cha kati ya 2 na 384 ili ulingane na ukubwa unaotakiwa. Biti zilizosimbwa hupangwa kwenye duara lenye vituo vinne vya kuanzia kutuma. Jaribio la kwanza likishindwa, mnara huendelea kutoka kituo kingine, na mtu aliyeko mtaa wa Ngamiani hapa Tanga akitazama video hahisi chochote.

Yote haya yanahitaji mpokeaji aweze kujibu. Pasipo na njia ya kurudisha jibu, kama vile faili moja linaporushwa kwa maelfu ya watu, hutumika misimbo isiyo na kiwango maalumu, kama ile ya Michael Luby ya mwaka 2002: mtumaji huzalisha vipande bila ukomo, na kila mpokeaji huhitaji idadi inayozidi kidogo tu ile ya vipande vya faili lenyewe, vyovyote vitakavyomfikia.

Kwenye kiungo cha baharini jibu linapatikana, kwa hiyo huiachia redio ibadili kiwango yenyewe, kisha husoma kumbukumbu zake za bamvua nzima, usiku na mchana, nikiangalia ilikaa muda gani kwenye kila kiwango. Kasi ninayomwandikia mteja kwenye mkataba ni ile ambayo kiungo hakikushuka chini yake.