Gari kila dakika 10, mbona unasubiri 8?

Kinachowaangusha wengi kwenye somo la michakato nasibu (mambo yanayotokea kwa bahati kadiri muda unavyokwenda) si hesabu zenyewe. Kosa hutokea mapema zaidi: mtu anatafuta wastani bila kuuliza ni wastani wa nani. Tutumie kituo cha daladala. Kila mwanafunzi wa Dar ameshakilipia ada.

Abiria yuko Ubungo, anasubiri gari ya Mbezi. Kati ya gari na gari hupita dakika 10 kwa wastani, naye anatokea kituoni wakati wowote. Atasubiri kwa muda gani? Darasa zima hujibu 5. Jibu hilo linasimama pale tu gari zinapopishana dakika 10 kamili.

Sasa tuseme zinaongozana: pengo la dakika 2, kisha 18, kisha 2, kisha 18. Wastani wa mapengo bado ni 10. Lakini katika kila dakika 20, dakika 18 ni za pengo refu. Kwa hiyo abiria 9 kati ya 10 wanaangukia humo, na kwa wastani husubiri dakika 9. Mmoja aliyebaki anaangukia pengo fupi, anasubiri dakika 1. Jumla: 0.9 × 9 + 0.1 × 1 = 8.2. Konda anayesema gari ni kila dakika 10 hadanganyi, na abiria anayenung'unika naye hadanganyi. Mmoja anahesabu mapengo, mwingine anahesabu watu.

Kwa jumla, chukua wastani wa miraba ya mapengo, ugawanye kwa mara mbili ya wastani wa mapengo. Hapa ni (4 + 324)/2 = 164, na 164/20 = 8.2. Mapengo yakizidi kutofautiana, kusubiri kunaongezeka hata kama idadi ya gari haijapungua.

Gari zikija kwa mchakato wa Poisson, yaani kila moja inatokea kwa bahati bila kutegemea nyingine, gari 0.1 kwa dakika, kusubiri kwa wastani ni dakika 10 kamili, na pengo uliloangukia lina wastani wa 20: 10 nyuma yako, 10 mbele. Mchakato huu hauna kumbukumbu. Ukiwa umeshasimama dakika 15, zilizobaki bado ni 10 kwa wastani. Wanafunzi huikariri sentensi hiyo vizuri sana, kisha kwenye mtihani wanaanza kutoa zile 15. Ukiweza pia kupanda gari za Kibamba, zinazokuja 0.05 kwa dakika bila kutegemea zile za Mbezi, jumlisha: 0.15 kwa dakika, yaani kusubiri dakika 6.7 hivi. Uwezekano kwamba itakayotangulia ni ya Mbezi ni 0.1/0.15, theluthi mbili, hata uwe umesimama muda gani.

Je, daladala ni Poisson kweli? Mwaka 1898 mwanatakwimu Bortkiewicz alionyesha mfano unaokaa sawa: askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika rekodi 200, kila moja ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja, vifo vilikuwa 122, yaani 0.61 kwa rekodi. Kanuni ya Poisson inatabiri rekodi 108.7 zisizo na kifo, zilikuwa 109. Farasi hawaongozani. Daladala husubiri ijae ndipo iondoke, na ya mbele ikichelewa inakuta abiria wengi zaidi, inazidi kuchelewa, hadi ya nyuma inaifikia ikiwa nusu tupu. Hata mwendokasi, njia yake maalumu inaiondolea foleni. Muda wa kupakia haiiondolei.

Pima mwenyewe. Andika kwa saa ya simu mapengo 60 mfululizo, kisha gawanya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi mapengo yanavyotawanyika kuzunguka wastani) kwa wastani. Mapengo ya Poisson hutoa uwiano karibu na 1. Kwa sampuli ya 60, chochote kati ya 0.75 na 1.25 hakikupi sababu ya kuikataa Poisson. Lakini usiishie hapo. Mfano wetu wa 2 na 18 una uwiano wa 0.8, unapita mtihani huo bila shida, na ni wazi kwamba si Poisson. Chora kila pengo dhidi ya linalolifuata: nukta zikitawanyika bila mpangilio, vizuri, zikionyesha kwamba pengo refu hufuatwa na fupi, gari zinaongozana.

Tatizo jingine ni kuchanganya saa. Gari za saa 1 asubuhi na za saa 5 zikitiwa kapu moja, mkengeuko unavimba hata kama kila kipindi peke yake ni Poisson safi. Gawanya data kwa nusu saa, kila kipande na kasi yake, na siku ya mvua iweke kwenye daftari lake.