Je, wajua kwa nini chungu kifupi huozesha mizizi ya bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni ukabaki mdogo?

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ishibe, kisha ishike ikiwa imelala. Maji yatadondoka, halafu yatakoma. Sasa isimamishe wima. Yataanza kudondoka tena, ingawa sponji ni ileile na hakuna aliyeikamua.

Ndivyo ilivyo ndani ya chungu. Udongo ukimwagiliwa, chini hubaki tabaka lililojaa maji ambalo halitoki hata kama matundu yapo wazi. Unene wake hutegemea udongo, si kimo cha chungu. Tabaka la sentimita 3 katika chungu chenye kina cha sentimita 20 si neno. Katika chungu cha bonsai chenye kina cha sentimita 5, hilo ni zaidi ya nusu ya makao ya mizizi. Mizizi ikikosa hewa huoza, majani hunyauka, na mwenye mti, akidhani ni kiu, huongeza maji.

Kwa hiyo udongo wa bustani haufai kabisa. Tumia punje ngumu, kama za mawe ya volkano au akadama (udongo wa punjepunje kutoka Japani), za milimita 2 hadi 6, na uzichekeche mpaka vumbi lote litoke. Vumbi ndilo linaloziba njia za hewa.

Chungu chenyewe kiwe na matundu makubwa na sakafu isiyotuamisha maji. Mengine ni ya macho: urefu wake uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti, kina kilingane na unene wa shina penye mizizi. Misonobari hupendeza katika chungu cha kahawia kisichong'aa. Miti ya maua huvumilia rangi.

Baada ya miaka 2 kwa mti mchanga, au 3 hadi 5 kwa uliokomaa, mizizi hujaa na maji husimama juu badala ya kuzama. Hapo hamisha, machipukizi yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka. Chambua mizizi taratibu kwa kijiti, kata minene inayoelekea chini, uiache myembamba, maana hiyo ndiyo inayokunywa. Usizidishe theluthi moja. Msonobari usiuoshe udongo wote wa zamani, kwa kuwa humo mnaishi kuvu wanaousaidia kula. Mkato huu hauui mti, bali huchochea mizizi mipya. Washington, Marekani, katika National Arboretum, bustani ya taifa ya miti, upo msonobari uliokuzwa chunguni tangu 1625.

Kisha ufunge mti kwa waya uliopitishwa kwenye matundu. Wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo ya lazima kuliko zote: mti ukiyumba kwa upepo, ncha changa za mizizi hukatika kila siku. Shindilia punje kwa kijiti mpaka pasibaki uwazi, mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe maangavu, kisha uweke mti kivulini wiki 2 au 3, bila mbolea.