Maji Tunayoyanunua Ndani ya Chupa ya Shampuu

Ninapoalikwa kuzungumza na vikundi vya akina mama kuhusu taka, hubeba jiko dogo la gesi, sufuria na chupa ya shampuu. Namimina vijiko kumi vya shampuu ndani ya sufuria, naiteleka kwenye moto mdogo, kisha tunaendelea na mazungumzo. Povu linatuna, linashuka, mvuke unapanda taratibu. Mwishowe kinabaki chini ya sufuria kitu kizito mfano wa gundi, vijiko viwili hivi. Siku moja huko Bagamoyo mama mmoja aliinama akaitazama ile sufuria, akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, hela yangu nilinunulia maji?"

Kwa sehemu kubwa, ndiyo mama. Shampuu ya maji mara nyingi ni maji kwa karibu asilimia 80. Kinachoondoa jasho, mafuta na vumbi kichwani ni ile sehemu ndogo iliyobaki. Na ni hayo maji ndiyo yanayodai chupa, maana bila chupa yangemwagika. Hayohayo ndiyo yanayodai dawa za kuzuia ukungu na bakteria, kwa sababu kitu chenye maji huvunda. Shampuu ya kipande, ambayo kwa macho inafanana na sabuni ya kuogea, imeondolewa maji tangu kiwandani. Kinachobaki ni kigumu, kinafungwa kwa karatasi, na kwa kuwa ni kikavu, hakihitaji dawa nyingi za kukihifadhi.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mitaa yetu imepumua, nalisema kwa furaha. Lakini chupa zimebaki, na hazina hatima moja. Chupa ya maji ya kunywa haikai sana barabarani, kwa kuwa waokota chupa wanajua bei yake. Ya shampuu mara nyingi imetiwa rangi, ndani imebakiza ute, na mfuniko wake ni wa plastiki ya aina nyingine. Ile ya kubonyeza ina hadi springi ya chuma kooni. Kuzitenganisha sehemu hizo ni kazi ambayo mnunuzi wa plastiki chakavu hana muda nayo.

Pakiti ndogo za kuchana, zile tunazonunua mojamoja dukani kwa Mangi, ndizo zinazoniumiza zaidi. Zimetengenezwa kwa matabaka yaliyogandishwa pamoja na hakuna anayezinunua tena. Zinaishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, kiberiti kinawashwa, na moshi wake wanauvuta watoto wanaocheza pembeni. Zisizochomwa husombwa na mvua za masika hadi Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, na Msimbazi unamwaga baharini. Plastiki nyingi za vifuniko, na baadhi ya zile za chupa, ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea. Jua na mawimbi huzivunjavunja mpaka zikawa chembe ambazo samaki hushindwa kuzitofautisha na chakula. Kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, zilizorejelezwa ni asilimia 9 tu.

Fanya hesabu nyepesi. Chupa ya mililita 250 yenye asilimia 20 ya vitu visivyo maji ina gramu 50 hivi za kazi. Kipande cha gramu 100 kinaweza kushika nafasi ya chupa mbili, na kinaenea kwenye kiganja. Sasa fikiria lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, zaidi ya kilomita 1,400, likichoma dizeli kupandisha milima huku limebeba maji ambayo Kigali yapo.

Nisifiche jambo moja. Wataalamu wa nchi za baridi wanapopima athari za shampuu kuanzia kiwandani hadi bafuni, nishati nyingi huonekana kwenda kwenye kupasha maji ya kuogea. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wajue kwamba kupunguza dakika za maji ya moto kuna uzito kuliko kubadili shampuu peke yake. Kwetu tunaooga kwa ndoo na kopo, maji ya baridi, mizani inageuka: chupa na safari yake vina uzito zaidi.

Hapa sasa ndipo wengi hukata tamaa. Mtu ananunua kipande, anaosha nywele, zinabaki ngumu na zina utando, anarudi kwenye chupa. Mara nyingi alichouziwa ni sabuni. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na kostiki, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu, hufika 9 au 10, wakati ngozi inapenda kiasi cha 5.5. Kwenye maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, kama ya visima vingi vya Unguja vinavyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, sabuni hushikana na kalsiamu na kuwa ule utando mweupe unaouona kwenye beseni. Shampuu halisi ya kipande hutumia visafishaji vingine, aghalabu vinavyotokana na mafuta ya nazi, visivyoganda hivyo.

Unaweza kupima mwenyewe. Katakata kidogo kwenye glasi ya maji ya kisima chako, kama ni magumu, tikisa. Maji yakichafuka na kuelea mabonge meupe, hiyo ni sabuni. Sizidharau sabuni zetu: za mawese za Kigoma, za mwani zinazotengenezwa na wanawake wa Paje na Kidoti, ni nzuri mno kwa mwili. Ukitaka kuzitumia kichwani, tumia maji ya mvua, kisha suuza kwa lita moja ya maji yenye kijiko cha siki au ndimu.

Wenye misuko wasisugue kipande juu ya nywele, kwani mabaki hunasa. Yeyusha kidogo kwenye kikombe cha maji, mimina kwenye mistari ya ngozi, kisha suuza. Na saluni zinazonunua shampuu kwa dumu la lita tano na kujaza chupa zilezile hazina haja ya kuona aibu. Nazo zimeokoa chupa nyingi.

Hata kipande chema, usiende kukiogea mtoni. Povu lolote huweza kuharibu matamvua ya samaki kabla halijaoza. Ogea kando, maji yazame ardhini.

Adui mkubwa wa kipande ni unyevu wa Pwani. Kikilala ndani ya maji kinakuwa uji kwa wiki moja, na faida yote imeyeyuka. Toboa kifuu matundu matatu ukiweke humo, au kitundike kwenye kimfuko cha mkonge. Kikibaki kigae chembamba, kilowanishe ukibandike juu ya kipande kipya. Asubuhi vitakuwa vimeshikana.