Tuta likikataa urea

Kiangazi kikianza, mabonde ya Lubumbashi hujaa matuta ya lengalenga (mchicha), shu (kabichi) na matembele. Kila mwaka mama wakulima hutuuliza sisi wataalamu wa udongo swali lilelile: "Nimeweka urea mara mbili, mbona majani yangali madogo?"

Udongo wetu mwekundu ni mzee. Mvua za miaka mingi mno zimeuosha kalsiamu na magnesiamu, ukabaki mchachu, yaani wenye asidi. Humo kirutubisho cha fosforasi hushikwa na chuma na alumini, mmea usiipate, na alumini yenyewe hudumaza mizizi. Mbolea ya urea ina kirutubisho kimoja tu, nitrojeni, asilimia 46; haina fosforasi hata chembe. Tena ikitumiwa peke yake msimu baada ya msimu, huzidisha uchachu uleule. Mama anaongeza urea, tuta linazidi kukataa.

Kwa hiyo anzeni kwa kupunguza uchachu kwa chokaa. Mawe ya chokaa yako Kakontwe, karibu na Likasi. Asiyeweza kununua chokaa atumie majivu ya mbabula (jiko la makaa), mradi hakuchomwa plastiki ndani yake. Halafu kuna kichuguu! Vile vichuguu vikubwa vya Katanga vina kalsiamu nyingi kuliko udongo unaovizunguka, nasi tunawaachia wafyatua matofali peke yao. Ponda udongo wake, utandaze, uuchanganye na wa tuta.

Samadi ya kuku ifuate. Ikiwa mbichi huunguza miche, basi ilundikwe pamoja na majani makavu, inyweshwe maji na kugeuzwa kwa wiki sita au zaidi, mpaka ipoe na iache kunuka. Kilo 2 kwa kila mita mraba zinatosha kuanzia. Usiweke chokaa au majivu siku moja na samadi au urea: ile harufu inayowasha pua ni nitrojeni yako inayopaa. Acha wiki mbili zipite.

Chokaa ina faida nyingine katika mji huu ulioanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Uchachu ukipungua, mboga hupunguza kufyonza shaba, zinki na kadmiamu, metali yenye sumu. Lakini metali hazitoki udongoni. Kaskazini-magharibi ya bomba la kiwanda cha kuyeyushia, ambako upepo ulipeleka moshi kwa miongo mingi, kuna sumu za madini ya risasi na aseniki pia. Huko, tafadhali, msipande mboga za majani kabla udongo haujapimwa. Lengalenga hukusanya kadmiamu majanini, na jani ndilo tunalowapa watoto.