Krenkishafti: wakati wa kuchonga na wakati wa kuiacha

Karakana yangu ipo Arusha, na sehemu kubwa ya kazi zinazoingia ni injini za dizeli: za magari ya watalii, za Hiace, za pikapu za wakulima na za mashine za kusaga nafaka. Mteja anapoiweka krenkishafti (mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko) juu ya meza, mara nyingi uamuzi umeshafanyika njiani, kwa sababu fundi aliyefungua injini amepitisha ukucha na kumwambia kwamba lazima ichongwe, yaani ipunguzwe kwenye mashine, au kwamba iko safi. Hivi karibuni nilipokea mbili kwa siku moja, zote za pikapu za aina moja. Ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo unayoiona ukiwa umesimama mlangoni, na ya pili iling'aa kama kioo. Ya kwanza niliirudisha bila kuichonga, ya pili nikaipeleka kwenye mashine, na wenye mali wote wawili walidhani nimezichanganya.

Ukucha una kazi yake, lakini kazi hiyo ni ndogo. Unagundua mkwaruzo, haugundui umbo. Sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi (vipande vya metali laini vinavyozikumbatia), ambazo hapa nitaziita shingo, hufanya kazi zikiwa zimeelea juu ya utando wa oili, na nafasi ya utando huo katika injini nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.03 na 0.06 hivi. Shingo ikipoteza uduara wake, nafasi hiyo hupanuka upande mmoja, oili huvuja kwa wingi pembeni mwa beringi, presha hushuka hasa injini inapokuwa ya moto na inazunguka taratibu, na beringi mpya utakazofunga zitaanza kulika tangu siku ya kwanza. Jicho haliwezi kuona kasoro ya namna hii, inahitaji maikromita, kifaa cha kupimia hadi elfu za milimita.

Kila shingo ninaipima mara nne: karibu na ukingo wa mbele vipimo viwili vinavyokatana kwa digrii 90, kisha viwili vingine vya aina hiyo hiyo karibu na ukingo wa nyuma, nikikwepa tundu la oili. Tofauti ya vipimo viwili vya mahali pamoja inaniambia kama shingo imekuwa yai, na tofauti kati ya mbele na nyuma inaniambia kama imechongoka, yaani imekuwa nyembamba zaidi upande mmoja. Krenkishafti, au krenki kwa kifupi, ya injini ya Toyota 1HZ, ile ya silinda sita iliyo katika Land Cruiser nyingi za safari hapa mjini, ina shingo saba za meini (zinazoshikwa na mwili wa injini) na sita za konrodi (fimbo zinazoiunganisha na pistoni), kwa hiyo napata vipimo 52, na vyote ninaviandika kwenye karatasi. Kichwa cha mtu hakihifadhi tarakimu 52 zinazotofautiana kwa elfu za milimita, hata kama fundi ana uzoefu wa miaka 30.

Kwa pikapu zile mbili, kitabu cha mtengenezaji kinataka shingo ya konrodi iwe kati ya milimita 54.988 na 55.000, na kikomo cha uyai na cha kuchongoka ni 0.02. Ile yenye mikwaruzo haikuwa na kipimo hata kimoja chini ya 54.992, uchafu ulikuwa umepita kwenye oili na kuacha alama zisizo na kina. Niliing'arisha kwa utepe laini wa msasa, nikapima tena, na kipimo cha chini kikawa 54.989. Ile inayong'aa ilikuwa na shingo ya tatu iliyosoma 54.984 na 54.979 upande wa mbele, halafu 54.968 na 54.951 upande wa nyuma. Uyai wake haukufika 0.02, lakini kati ya 54.979 na 54.951 kuna 0.028, na hapo mjadala uliisha.

Kabla ya kuamini tarakimu hizo ilinibidi nisubiri, na jambo hili nilijifunza kwa hasara yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma niliwahi kupima krenki iliyokuwa imelala juani tangu asubuhi, nikaiona iko ndani ya kipimo, nikaifunga, na injini ikarudi ikigonga. Chuma cha krenki chenye kipenyo cha milimita 55 kikipashwa kwa nyuzi 30 hutanuka kwa karibu milimita 0.019, yaani karibu sawa na kikomo chote tunachokitafuta. Tangu hapo krenki hulala ndani usiku mzima pamoja na maikromita, na napima asubuhi, vyote vikiwa na joto moja.

Shingo iliyochongoka peke yake, huku jirani zake zikiwa nzima, inapaswa kukupeleka kwenye konrodi yake. Nilimuuliza mwenye pikapu kama gari liliwahi kuzimika majini, akakumbuka korongo moja wakati wa masika. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, pistoni hukwama na konrodi hupinda kidogo, kiasi kwamba injini inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miezi huku beringi ikielemewa upande mmoja. Tuliikagua, na kweli ilikuwa imepinda. Kama ningechonga krenki na kuirudisha konrodi ile ile, shingo mpya ingeliwa kwa mtindo ule ule.

Ukishaamua kuchonga, swali linalofuata ni kiasi gani. Beringi za saizi za chini, yaani nene zaidi kwa ajili ya shingo iliyopunguzwa, kwa kawaida huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na kwa kuwa huuzwa kwa seti, shingo moja ya konrodi ikichongwa zote za konrodi huchongwa. Kumbuka kwamba kovu lenye kina cha 0.15 linahitaji kuondoa 0.30 kwenye kipenyo, kwa hiyo hatua ya 0.25 haitoshi na unalazimika kwenda 0.50. Ninamtaka mteja anunue beringi kwanza, azilete, ndipo mashine iwashwe, kwa sababu krenki iliyochongwa kwa saizi isiyopatikana madukani ni chuma chakavu cha bei ghali.

Zipo ambazo sizichongi kabisa. Shingo iliyogeuka rangi ya bluu imeungua na huenda imepoteza ugumu wake. Yenye ufa, unaoonekana vizuri kwa sumaku na poda ya chuma, haina dawa. Nyingine zimetiwa ugumu kwa tabaka jembamba sana la juu, na ukilichonga tabaka hilo bila kulirudisha kiwandani, unabaki na chuma laini.

Kuhusu mtindo wa kuweka kipande cha kopo au karatasi nyuma ya beringi ili kupunguza mchezo, yaani ulegevu, sitaki kuandika mengi: joto la beringi linashindwa kutoka, beringi inakosa kukaa sawa, na yai linabaki kuwa yai.

Krenki inaporudi kutoka kwenye mashine, naipima upya shingo zote, kisha naangalia pembe ile ya duara inayounganisha shingo na bega lake. Ikiwa jiwe la mashine limeiacha kona kali, naikataa, kwa sababu krenki huvunjikia hapo. Ile ya pikapu ilirudi na duara lake likiwa kamili. Tukafungua vizibo, tukasafisha njia za oili kwa brashi na hewa, tukaifunga na beringi za 0.25 pamoja na konrodi nyingine.