Panya halipi nauli

Msimu wa dago ukianza, wavuvi wakihamia kambi zao za visiwani, kazi yangu huhamia ufukweni. Pale Kilwa Masoko, mashua zikipakia kwenda visiwani, naomba nyavu zikunjuliwe na madema yatikiswe. Juzi nahodha mmoja mtu mzima aliniacha nipekue viroba vyote vya unga, kisha akaniuliza: "Mwanangu, polisi wanatafuta bangi. Wewe unatafuta nini?"

"Panya, baba."

Alicheka mpaka akakaa chini. Sisi watu wa kusini na panya tuna mambo yetu. Samaki nchanga, kama tunavyomwita panya wa kuliwa, ni kitoweo, na mwenye kucheka acheke. Lakini yule ni wa shambani. Ninayemsaka ni panya wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, aliyezunguka dunia kwa meli bila kulipa nauli. Kamba ya nanga anaipanda, mnazi anaupanda, na ndani ya wavu uliokunjwa hulala kama yuko kwao.

Buabua, wale ndege weupe ambao wavuvi huwafuata baharini wakitafuta jodari, hutaga chini, mchangani au juu ya mwamba mtupu, yai moja au mawili. Kisiwani hapakuwa na mnyama wa kuwala, wajifiche wa nini? Sasa ashuke panya jike mmoja mwenye mimba. Mimba yake ni wiki tatu hivi, na binti zake huanza kuzaa wakiwa na miezi michache tu. Watakula mayai, watakula makinda, hata kasa wachanga wanaotoka shimoni.

"Ndege na mimi wapi na wapi?" nahodha akauliza.

Swali la haki. Visiwa vya Chagos, humu humu Bahari ya Hindi, vingine vina panya na vingine havina. Watafiti walivilinganisha, wakachapisha matokeo mwaka 2018: pasipo na panya, ndege wa baharini walikuwa wengi mara 760. Kinyesi chao huoshwa na mvua hadi kwenye matumbawe, kinarutubisha mwani, na uzito wa jumla wa samaki wa miamba hiyo ulizidi kwa karibu nusu.

Hapo aliacha kucheka. "Kumbe mavi ya ndege ni mbolea ya changu?"

Akashauri tupeleke paka. Kila mtu hushauri paka! Kisiwa cha Stephens, New Zealand, kililetewa paka mnara wa taa ulipojengwa mwaka 1894. Kilikuwa na kindege kisichoruka, na haikuchukua muda kikafutika duniani.

Sumu ipo, ila si ile ya wachuuzi wenye spika sokoni. Sumu ya kuua papo hapo huwashtua waliobaki. Inayofaa huzuia damu kuganda. Panya hufa siku kadhaa baadaye, wenzake wasijue kilichomponza. Kikwazo cha visiwa vya joto kama vyetu ni kaa. Kaa wa nchi kavu, na wale wanaojibebea kombe mgongoni, hukomba chambo usiku kucha na wala hakiwadhuru, panya wakaambulia patupu. Inabidi chambo kiinuliwe juu ya vigingi, au kimwagwe kingi mara dufu.

Na akibaki mmoja? Watafiti wa New Zealand waliwahi kumwachia kisiwani panya dume mmoja makusudi, amefungwa kifaa cha redio. Aliwasumbua wiki 18, na katikati ya msako akaogelea mita 400 mpaka kisiwa kingine. Habari yake ilichapishwa mwaka 2005, na ndiyo sababu naona afadhali kushinda juani nikikung'uta viroba.

Nahodha alisikiliza yote, kisha akanyoosha kidole kwenye sanduku langu la vifaa. "Na hilo je?"

Nikalifungua kwa kujiamini. Mle huweka siagi ya karanga, ambayo ndiyo chambo changu cha kupimia kama kisiwa kina panya. Kifuniko cha kopo kilikuwa na alama za meno. Pembeni, vimavi vitatu, vyembamba, bado vibichi.

Nahodha hakusema neno. Alilibeba sanduku, akalimwaga lote mchangani.