Prosesa ya bei nafuu yenye grafiki ya ndani: anza kupima RAM

Mtu akiniuliza kama Ryzen 5 5600G ya AMD au Core i3-12100 ya Intel inamtosha, swali langu la kwanza ni la RAM: vipande vingapi, vya kasi gani, na vimechomekwa wapi. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe. Inaazima RAM ileile inayotumiwa na Windows na kivinjari, na inaifikia kwa njia ileile. Ndiyo maana unaweza kukuta vipimo viwili vya chipu moja vimepishana vibaya, na wapimaji wote wawili wamesema kweli.

Hesabu yake ni nyepesi. RAM ya DDR4-3200 (DDR4 ni kizazi, 3200 ni kasi) husafirisha data mara milioni 3,200 kwa sekunde, kila mara baiti 8. Hiyo ni GB 25.6 kwa sekunde kwa chaneli moja (njia ya data kati ya prosesa na RAM), na GB 51.2 kwa chaneli mbili. RAM hiyohiyo ikiachwa kwenye kasi ya 2133, chaneli moja inatoa kama GB 17 tu. Sasa tazama GTX 1650 ya GDDR5 (kumbukumbu ya kadi za grafiki), kadi ya grafiki ya daraja la chini iliyotoka 2019: ina GB 128 kwa sekunde, na haigawani na mtu. Vega 7, grafiki iliyomo kwenye 5600G, ina vitengo 7 vya kuchakata picha vinavyofika 1,900 MHz, na vitengo hivyo vina uwezo wa kula GB 51 zote kisha vikakaa vikisubiri nyingine. Ukiipa kipande kimoja cha RAM, kupoteza theluthi ya fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) ni jambo la kawaida, na kwenye gemu fulani hasara inakaribia nusu. Hakuna tofauti ya viini, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) wala megahezi kati ya prosesa za bei nafuu inayofikia pengo hilo.

Kwa hiyo kabla ya kuendesha kipimo chochote, hakikisha mashine iko sawa. Vipande viwili vinavyofanana, na kwenye ubao mama wenye sloti nne vinaingia sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nyingi zimeandikwa A2 na B2. Watu wengi huchomeka sloti mbili za kwanza zilizo jirani kwa sababu zinapendeza machoni, na vipande vyote viwili vinaishia chaneli moja. Kompyuta inawaka vizuri tu, haitoi onyo lolote. Halafu ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows) uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyouziwa (kwenye DDR5 ya AMD ni EXPO, na baadhi ya watengenezaji huita DOCP). Usipowasha, RAM iliyouzwa kama 3200 au 3600 inaweza kubaki 2133, 2400 au 2666 maisha yake yote.

Thibitisha kwa programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory. DDR4-3200 itaonyesha karibu 1,600 MHz, kwa sababu data hupita mara mbili katika kila mzunguko wa saa. Usishtuke, ni sawasawa. Kwenye DDR5 kuna mtego: kila kipande kimegawanywa ndani katika njia mbili za biti 32, kwa hiyo kipande kimoja huonyeshwa kama 2 x 32-bit. Anayesoma haraka anadhani tayari ana chaneli mbili. Unachotafuta ni 4 x 32-bit.

Ubao mama nao una mipaka yake. Kwa Intel kizazi cha 12, ubao wa chipseti ya H610 hauruhusu kupandisha RAM ya DDR4 kupita 3200, wakati wa B660 unaruhusu. Kwa AMD ya soketi ya AM4, chipseti ya A520 inakataa kupandisha mwendo wa viini lakini RAM unaipandisha, na hicho ndicho kitu pekee ninachokijali kwenye mashine ya aina hii. 5600G imeundwa kwa kipande kimoja cha silikoni, na kidhibiti chake cha RAM ni kizuri kuliko cha ndugu zake wengi wa Ryzen 5000 wasio na grafiki. Nyingi zinavumilia DDR4-4000 bila kuachanisha mwendo wa kidhibiti na wa RAM. Lakini usilipe ziada kubwa kwa ajili ya 4000. Faida iliyo nono inapatikana kutoka chaneli moja kwenda mbili, kisha kutoka 2400 kwenda 3200. Juu ya hapo unakwangua asilimia chache.

Sehemu inayofuata ni ukubwa wa kumbukumbu inayotengwa kwa grafiki. BIOS za AMD huuita UMA Frame Buffer Size, na chaguo huwa ni MB 512, GB 1, GB 2 na kuendelea. Kiasi hicho kinakatwa kwenye RAM moja kwa moja: ukiwa na GB 16 na ukatenga 2, Windows inaona takriban 14. Juu ya hicho, Windows huiruhusu grafiki kuazima hadi nusu ya RAM iliyobaki pale inapohitaji, kwa hiyo kutenga kiasi kikubwa hakuongezi fremu kama wengi wanavyoamini. Kazi yake halisi ni kuyatuliza magemu yanayokagua kumbukumbu ya grafiki kabla ya kufunguka, ambayo yakiona MB 512 hukataa au huficha mipangilio. GB 2 inawatosha wengi. Mashine ya GB 8 kwa jumla ni kesi mbaya kila upande: ukitenga 2, Windows na gemu vinagombania 6, diski inaanza kutumika badala ya RAM, na picha inakwamakwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Vipande viwili vya GB 8 ndicho kiwango cha chini ninachokubali kupimia.

Hapo sasa ndipo upimaji wenyewe unapoanza. Mimi hutumia CapFrameX kwenye Windows na MangoHud kwenye Linux, programu za kurekodi fremu, pamoja na HWiNFO ikirekodi mwendo, wati na joto nyuma. Chagua kipande cha gemu kinachorudika sawasawa, cheza sekunde 60, rudia mara tatu, na utupe mzunguko wa kwanza kabisa, kwa sababu gemu bado linaandaa shader (programu ndogo za kuchora picha) na faili zake. Andika namba mbili: wastani wa fremu, na asilimia moja ya chini, yaani kasi ya fremu katika ile asilimia moja iliyo mbaya zaidi. Hiyo ya pili ndiyo inayosema ukweli. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inachukua milisekunde 16.7, ukiona wastani wa 60 lakini asilimia moja ya chini ni 22, mchezaji ataisikia mashine ikigugumia. Mara nyingi chanzo chake ni RAM iliyojaa, si grafiki.

Rezolusheni iwe ile ambayo mtu ataitumia kweli. 1920 kwa 1080 na mipangilio ya chini kwa magemu mepesi ya ushindani kama Valorant, Dota 2 au Counter-Strike. 1280 kwa 720 kwa magemu mazito. Kupima grafiki ya ndani kwa mipangilio ya juu kabisa ili upate namba za kuchekesha hakumsaidii mtu. FSR, teknolojia ya AMD ya kukuza picha, inafaa kujaribiwa, ila ujue kwamba kukuza picha kutoka pikseli chache hadi 1080 huacha ukungu unaoonekana wazi, na wakati mwingine 720 ya kawaida kwenye skrini ndogo inavumilika zaidi.

Kuna jambo ambalo vipimo vifupi hulificha: viini na grafiki vinakula kwenye sahani moja ya umeme. Prosesa ya AM4 ya wati 65 kwa kawaida huruhusiwa kufika wati 88 kwenye soketi. Gemu likitumia grafiki tu, megahezi zinakaa juu. Weka na kazi ya viini, mfano kurekodi skrini au kuwa na kivinjari chenye kurasa nyingi, na utaona kwenye HWiNFO mwendo wa grafiki ukiteremka. Kwa hiyo nacheza gemu kwa nusu saa nzima nikiwa na mzigo huo wa pili, kisha nalinganisha dakika ya kwanza na ya mwisho. Mambo matatu ya kutazama kwenye rekodi ni mwendo wa grafiki, wati za soketi na joto. Joto likikaribia nyuzi 95 kwenye 5600G, prosesa inajipunguza yenyewe. Feni ya Wraith Stealth inayokuja nayo huweza kazi hii kama kasha linapitisha hewa. Kwenye kasha dogo lililofungwa, tatizo ni kasha. Wati zikiwa zimegota kwenye 88 huku joto likiwa chini, hakuna feni itakayokusaidia.

Ukiona vijidoa vya rangi, mistari, au draiva ya grafiki inaanguka na kurudi, usikimbilie kurudisha chipu dukani. Kwenye mashine ya aina hii, RAM isiyo tulivu hujionyesha kama ugonjwa wa grafiki, kwa sababu picha yenyewe imehifadhiwa humo. Zima XMP, jaribu tena. Dalili zikipotea, shusha RAM ngazi moja na uendeshe MemTest86 mizunguko minne kamili. Zikibaki hata XMP ikiwa imezimwa, hapo ndipo uanze kushuku draiva, kisha chipu.

Video watu huisahau, ilhali wanunuzi wengi wa chipu hizi watatazama video kuliko kucheza. UHD 730 ya i3-12100 iko nyuma sana ya Vega 7 kwenye magemu, lakini inafungua AV1 (muundo wa kubana video) kwa maunzi, yaani kwa sehemu maalum ya chipu badala ya viini, na Vega haifanyi hivyo. Kwenye 5600G kazi ya AV1 inaangukia viini sita, ambavyo huimudu. Kwenye Athlon 3000G yenye viini viwili, video ya AV1 ya 4K ni mateso. Pima hivi: fungua video ya AV1, nenda Task Manager sehemu ya GPU, na tazama mchoro wa Video Decode. Ukikaa sifuri huku CPU ikipanda, umepata jibu. Radeon 760M ya Ryzen 5 8600G hufungua na kutengeneza AV1, vyote kwa maunzi.

Tukiwa hapo hapo, kagua matundu ya nyuma ya ubao. Chipu inaweza kutoa 4K kwa 60 Hz, lakini ubao wa bei ya chini wenye HDMI 1.4 utakwama 30 Hz, na kipanya kitaonekana kinaburuta. Soma pia herufi za mwisho za jina. Kwa Intel, F ni kwamba grafiki haipo kabisa na matundu ya ubao yatabaki meusi. Kwa AMD, Ryzen 7000 za kawaida zina vitengo 2 tu vya grafiki vya kuwashia skrini na kazi za ofisi, na 7500F haina hata hivyo. Kama ubao wa AM4 ni wa zamani, mfano B450, hakikisha BIOS inaitambua 5600G kabla hujaifunga, au ubao uwe na kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa.

Suala la umri nalo liingie kwenye hesabu. Ryzen 3 2200G ya 2018 bado inacheza magemu mepesi, lakini haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa za Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Linux haina tatizo lolote, naipendekeza bila kusita. Tangu 2023 AMD imeweka grafiki zote za Vega kwenye mkondo wa draiva unaosasishwa kwa nadra, kwa hiyo usitegemee magemu mapya yarekebishwe haraka kwenye 5600G.

Bei sasa. Usilinganishe chipu kwa chipu. Jumlisha prosesa, ubao na RAM, kisha ugawe kwa fremu ulizopima. 8600G inaipita 5600G kwa mbali kwenye grafiki, ikiwa na DDR5-6000 ya GB 96 kwa sekunde, ila jumla ya mfumo wake wa AM5 mara nyingi inakaribia ile ya prosesa isiyo na grafiki pamoja na kadi iliyotumika. Kadi hiyo ikipatikana, hoja ya 8600G inabaki kwa wanaotaka kasha dogo na umeme mdogo. Jihadhari tu na GT 1030 toleo la DDR4: jina ni lilelile la ile ya GDDR5, lakini kumbukumbu yake haifiki GB 17 kwa sekunde, chini ya theluthi mbili za kipande kimoja cha DDR4-3200. Vega 7 yenye RAM mbili inaipiga.

Na kwa anayesema "nitaongeza kadi baadaye", angalia njia za PCIe, zinazopitisha data kati ya prosesa na kadi. 5600G inatoa njia 16 lakini za PCIe 3.0. 8600G inatoa 8 za PCIe 4.0. 8500G inatoa 4 tu, na hapo kadi yoyote ya maana itabanwa. 5600G pia ina kashe ya L3 ya MB 16, nusu ya 5600X, na tofauti hiyo utaiona siku kadi ikiwa na nguvu. Kama kadi unainunua ndani ya miezi michache na bajeti haibadiliki, Ryzen 5 5500 ni silikoni ileile ya 5600G iliyozimwa grafiki. Nunua hiyo, na tofauti ya bei iongeze kwenye kadi.